Swichi Kwenye Tundu la Koki

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, stata ya boti ililia tiki, na injini haikuzunguka.

Nahodha aliuachia ufunguo, akauzungusha tena. Tiki. Taa nyekundu ya dashibodi ikafifia, ikazimika yenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana ya mtu aliyezoea magunia, na boti hii ya kupeleka chakula cha samaki kwenye vizimba alikuwa akiiendesha tangu baba yake alipompisha kwenye kiti cha usukani. Hakutukana. Alitazama mbele, pale ambapo siku zote huonekana boya jekundu la kuingilia gati, akaona ukungu mtupu umekaa juu ya maji.

Ndani ya ukungu huo alikuwamo baba yake.

Kilichojulikana kilikuwa kichache. Mzee alikuwa zamu ya ulinzi kwenye jukwaa la vizimba. Alfajiri alipiga simu akasema kamba za nanga zimekatika, jukwaa limeng'oka na linakwenda na mkondo, na mapipa ya kulielesha yameanza kuchomoka upande mmoja. Akasema anayo nyundo na pipa tupu la chakula, atakuwa anagonga. Simu ikakatika, na tangu hapo haikupatikana tena. Ofisi ya bandari ilijibu kwamba boti ya uokoaji iko ng'ambo na haitatoka mpaka ukungu upungue. Wenye boti nyingine walisema vivyo hivyo, ila kwa sauti ya pole.

Mkondo ulikuwa wa kutoka. Ulielekea kwenye mlango mpana wa maji, na nje ya mlango huo hakuna kisiwa wala mwamba wa kuzuia jukwaa.

"Zimekufa," alisema mdogo wake, ambaye gati zima lilimwita Domo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya boti, kifuniko cha sanduku la betri mkononi. "Zote mbili. Kama zimepatana."

"Pampu imekesha inafanya kazi," Nahodha alisema. "Na taa ya nje?"

"Usiniangalie mimi, dada."

"Namwangalia nani? Tuko wawili humu."

Domo aliinamisha kichwa. Taa ya nje ilikuwa bado imewashwa kwenye swichi yake, ingawa haikutoa hata cheche. Betri mbili za boti ile zilikuwa zimeunganishwa kwa waya mnene tangu ilipojengwa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kinachokula moja kinakula zote. Boti ilivuja kidogo pale mhimili wa pangaboi unapopita, kwa hiyo pampu ilikuwa inajiwasha kila maji yakipanda chini ya sakafu. Pampu na taa kwa usiku mmoja vilitosha kuzimaliza.

Mume wa Nahodha alifika na pikapu yake hadi ukingoni mwa gati. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu mkavu, mpole, asiyeanza kuzungumza kabla hajapima. Alishuka na testa mkononi, akagusa vichwa vya betri ya kwanza, akasoma. Akagusa ya pili.

"Hii ya kushoto haifai hata kuzuia mlango," alisema. "Ya kulia ina uhai kidogo."

"Shemeji, toa betri ya pikapu, tuifunge hapa, twende," Domo alisema. "Mengine tutajua mbele ya safari."

"Tukifika huko tutamtafutaje Mzee?"

"Kwa macho."

"Macho gani? Mimi hapa sikuoni vizuri, na siyo kwamba nimekosa kitu cha maana."

Domo aliuona uso wa dada yake, akaweka kifuniko chini.

Fundi alieleza akiwa anafungua nati za betri ya pikapu, bila kuinua kichwa. Katika ukungu kama ule mtu hutafutwa kwa masikio. Injini ya dizeli ikiwa inanguruma husikii nyundo hata ikiwa hatua kumi mbele. Lazima uzime, usikilize, uwashe, usogee, uzime tena. Kila kuwasha ni stata, na stata ndiyo mlafi kuliko wote. Huku pampu nayo haitaki kupumzika, na redio lazima iwepo. Ukivipa vyote betri moja, kuna mara moja utazima injini na haitawaka. Na ukiiunganisha betri nzima na ile iliyokufa, iliyokufa itainyonya nzima mpaka zilingane kwa umaskini.

"Kwa hiyo?" Nahodha aliuliza.

"Swichi ya kuchagua. Betri ya pikapu iwe ya stata peke yake, tuiite namba moja. Hii ya kulia iwe ya pampu na redio, namba mbili. Injini ikiwaka kwa moja, alteneta inarudisha kilicholiwa. Tukiona mbili inalegea, tunazima, tunageuza, tunaipa nayo zamu ya kuchajiwa."

"Muda gani?"

"Mama Spea akiwa amefungua, saa moja. Nikikosea kitu, zaidi."

"Na tukienda bila hiyo?"

"Tutazima injini mara tatu, nne. Ya tano tutakuwa tunatafutwa na sisi."

Saa moja. Nahodha aliangalia maji kando ya boti. Ganda la povu lilikuwa linapita, halina haraka, linaelekea nje. Alilifuata kwa macho hadi ukungu ulipolimeza, na haikuchukua muda. Hesabu ilikuwa nyepesi: kila dakika ya kufunga nati hapa ni hatua ambazo baba yake anakwenda kule. Lakini boti iliyozimika haiokoi mtu.

"Twende tukanunue," alisema.

Duka la spea lilikuwa mwisho wa gati, chumba kirefu chenye harufu ya grisi na mpira, feni za injini zikining'inia darini. Mwenye duka, Mama Spea, alikuwa ameshasikia. Hakutoa pole ndefu. Aliipokea betri namba mbili mikononi mwao, akaiweka kwenye chaja hata kabla hawajamwomba, kisha akapanga kwenye kaunta vyote alivyokuwa navyo, swichi tatu.

Ya kwanza Fundi aliisukuma pembeni mara moja. Ilikuwa ya lori, ya kukata na kuunganisha tu, betri moja. Mbili zilizobaki zilikuwa za duara, kila moja na kirungu cha kushika katikati, na alama nne: moja, zote, mbili, zima.

"Chukua hii ndogo," Mama Spea alisema. "Nzuri sana. Wenye boti za starehe wanaipenda."

Fundi alichukua taa ndogo ya majaribio, akaiunganisha na betri ya mezani kupitia swichi ile, akageuza kirungu polepole kutoka moja hadi zote, hadi mbili. Taa haikupepesa. Ndani yake, alisema, ulimi wa shaba unashika upande mpya kabla ya kuachia wa zamani, kwa hiyo umeme haukatiki katikati. Kisha akaipindua, akasoma namba za nguvu ya umeme zilizochongwa mgongoni, akatikisa kichwa.

"Haibebi stata yetu. Itavumilia mara mbili tatu, halafu itaanza kuyeyuka."

Akaijaribu kubwa. Hii ilikuwa nzito, shaba nene, namba za mgongoni zinatosha na kubaki. Aligeuza kirungu. Kati ya moja na zote taa ilizimika, ikawaka. Kati ya zote na mbili ikazimika tena, kufumba na kufumbua tu, lakini ilizimika.

"Hiyo ni nini?" Nahodha aliuliza.

"Hiyo ndiyo hatari yake. Injini ikiwa inazunguka, alteneta inazalisha umeme na kuusukuma kwenye betri. Ukigeuza hapa, kwa kitambo hicho taa iliyozimika, umeme hauna pa kwenda. Unapanda, unarudi kuziunguza dayodi za alteneta yenyewe. Ukishaziunguza, basi, hakuna kuchaji tena mpaka mpya."

"Hakuna ya tatu? Kubwa na isiyokatika?"

"Ipo," Mama Spea alisema. "Nikiagiza leo, wiki ijayo."

Walisimama wakiziangalia swichi mbili. Ndogo ingewasaliti kwenye stata. Kubwa ingewasaliti kwa mkono wa mtu.

"Mkono unaweza kuamrishwa," Nahodha alisema. "Shaba haisikii. Chukua kubwa. Sheria iwe moja: injini ikiwa inanguruma, haiguswi. Na asiiguse mtu yeyote isipokuwa mimi."

"Umesikia, Domo?" Fundi alisema.

"Kwa nini hapo linatajwa jina langu?"

"Kwa sababu ya historia."

Kazi ilifanyika kwa utaratibu wa mtu anayekimbia bila kukimbia. Fundi alikata waya mnene, akavua mpira, akasukuma vichwa vya shaba, akavibana kwa koleo kubwa huku Domo akiegemea mpini kwa uzito wake wote. Pampu na redio alivifunga moja kwa moja kwenye betri namba mbili, kabla ya swichi, na fyuzi katikati, ili hata mtu akizima kila kitu boti isijae maji. Akamwonyesha Nahodha kila waya unakotoka na unakokwenda. Hakumwambia kwamba swichi ile alishaitaja mara nyingi, mezani na kitandani, na kila mara akajibiwa kwamba tutaona.

"Sema tu, shemeji," Domo alisema. "Utapasuka."

"Nishikie tochi."

Ikabaki mahali pa kuifunga. Ubao wa usukani ulikuwa wa mbao ngumu, na kutoboa tundu la ukubwa ule kungekula muda. Kulia kwa tundu la ufunguo palikuwa na ubao mtupu tu. Lakini kushoto, usawa wa goti la anayeendesha, palikuwa na tundu tayari, la duara, limezibwa kwa kipande cha bati. Fundi alibandua bati, akapima kwa swichi. Ikaingia kama imeandikiwa.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Koki ya mafuta," Nahodha alisema. "Ya injini ya Mzee, ile ya kwanza."

Alisema hivyo na hakuona zaidi ya hapo. Injini ya kwanza ilikuwa inawashwa kwa petroli, na ikishapata moto unageuza koki inywe mafuta ya taa, ambayo ni ya bei rahisi. Usipogeuza, Mzee anakusimanga mpaka gati, kwamba unakunywa petroli kama chai. Tangu akiwa binti Nahodha alikuwa ameigeuza koki ile kila siku ya kazi, mkono wa kulia kwenye ufunguo, mkono wa kushoto chini. Injini hiyo ilikwisha kuuzwa kwa vyuma chakavu. Tundu lilibaki.

Fundi alikaza skrubu nne. Betri namba mbili ilirudi kutoka kwenye chaja ikiwa haijashiba lakini imepata nguvu ya kusimama. Nahodha aligeuza kirungu hadi moja, akazungusha ufunguo, na injini ikashika kwa mara ya kwanza kama kwamba haikuwahi kukataa. Domo aliachia kamba. Baada ya hapo gati halikuonekana tena.

Alishika njia ya mkondo kwa dira, akipunguza mwendo kila alipodhani amefika umbali wa kutosha. Alizima. Injini ilikohoa ikanyamaza, na kimya kikaja na uzito wake: maji yakilamba ubavu wa boti, pampu ikinung'unika, pumzi za watu watatu.

"Baba!" Domo alipiga kelele, viganja vimezunguka mdomo.

"Nyamaza," Nahodha alisema. "Baba hasikii. Unatuziba masikio sisi."

Ilikuwa kweli. Mzee alikuwa na masikio mazito, na hiyo iliifanya kazi iwe ngumu maradufu. Asingesikia injini ikija wala ikizimwa. Angegonga pipa kwa kadiri ya nguvu zake, kisha angepumzika, na kupumzika kwake kungeweza kuangukia sawia na kimya chao.

"Akisemwa yeye ndipo anasikia," Domo alisema kwa sauti ndogo. "Tumseme labda."

Hakuna aliyecheka, lakini Fundi alimgusa bega.

Hawakusikia kitu. Nahodha aliwasha, akasogea, akazima. Hawakusikia kitu. Mara ya tatu Domo aliinua kidole ghafla, na wote waliganda. Kulikuwa na mlio, ko, ko, upande wa kulia, hafifu. Nahodha aliutafuta upande wake kwenye dira. Aliwasha injini, akageuza usukani, akaenda nao kwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta gizani, mpaka ukungu ukatoa kitu cheusi, na kitu hicho kikawa boya la kuongozea meli, chuma tupu, mnyororo wake ukigonga kila wimbi likipita.

Domo alikaa chini kwenye sakafu. Nahodha alizima injini kwa kuwa ndio utaratibu, akasikiliza kwa kuwa ndio utaratibu. Mnyororo uligonga. Aliliangalia boya lile alilolijua kwa namba yake. Lilikuwa la mwisho. Mbele yake ni mlango wa maji.

Alizungusha ufunguo. Injini ikashika. Mkono wake wa kushoto ulishuka kwenye goti, ukakuta kirungu cha duara, ukakigeuza.

Hakukuwa na kishindo. Injini haikubadilisha hata sauti, kwa maana dizeli ikishawaka haihitaji umeme wa mtu. Ila kwenye dashibodi taa nyekundu, ile yenye picha ya betri, ikawaka na kubaki imewaka.

Fundi aliiona kabla yake. Aliangalia taa, akaangalia chini, mkono wa mkewe bado uko juu ya swichi, na swichi inasoma mbili.

"Umegeuza?" aliuliza.

"Nimegeuza."

"Injini ikiwa inazunguka."

"Ndiyo."

Aliutoa mkono polepole, akautazama. Hakusema kuhusu koki. Aliijua sababu yake sasa, wazi kabisa, na sababu hiyo haikuwa na kazi. Fundi alipiga magoti, akaweka testa kwenye vichwa vya alteneta, akasubiri, akapima tena upande mwingine. Aliporudi kusimama alikuwa amepangusa mikono kwa kitambaa, jambo ambalo hulifanya pale anapomaliza gari lisilotengenezeka.

"Haichaji. Tulichonacho ndicho tulichonacho."

"Sasa namba moja ina ngapi?"

"Stata nne. Huenda tano. Siwezi kuapa. Namba mbili inakufa kwa pampu, nayo siwezi kuizuia, maji yanaingia."

"Dada," Domo alisema, "turudi. Tuchukue alteneta nyingine, tuchukue chochote."

"Turudi tufike saa ngapi? Tutoke saa ngapi?"

"Basi tuwashe hivihivi, tusizime. Tuzunguke. Tutamgonga tu."

"Tukiwa tunanguruma tutampita Mzee hatua kumi na hatutajua," Fundi alisema. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mteja.

Nahodha alifanya hesabu tena, kwa kuwa hesabu ilikuwa kitu pekee kilichokuwa bado kinamtii. Jukwaa liliondoka mahali fulani alfajiri. Mkondo wa kutoka unapungua kadiri mchana unavyokaribia. Kama halijapita mlango, limo katika eneo ambalo stata nne, zikitawanywa vizuri, zinaweza kulifikia kwa masikio. Zikitawanywa vibaya, hapana. Na stata ya mwisho ni ya kurudia nyumbani, au si ya kurudia.

Alirudisha injini polepole, akaacha boya nyuma, akaingia katika mlango wa maji. Alizima. Wakasikiliza mpaka masikio yakaanza kubuni milio. Kisha akageuza swichi hadi moja, injini ikiwa imekufa, mkono wa kulia, macho yakiuangalia, kama mtu anayejifunza. Stata ilizunguka vizuri. Akaenda, akazima. Wakasikiliza. Stata ilizunguka kwa uvivu kidogo. Akaenda, akazima. Safari hii Domo alilala kifudifudi, sikio kwenye ubao wa mbele karibu na maji, na akakaa hivyo muda mrefu, halafu akatikisa kichwa bila kuinuka. Stata ilivuta, ikasita, ikavuta. Injini ikashika kwa shida.

"Hiyo ndiyo sauti yake ya kuaga," Fundi alisema.

Nahodha alichukua kipaza sauti cha redio. Aliita bandari, akataja boti, idadi ya watu, akaanza kusoma mahali walipo kutoka kwenye simu yake. Bandari ilijibu. Sauti ya kijana wa zamu ilikuwa wazi, ikamwomba arudie tarakimu za mwisho. Alirudia. Katikati ya kurudia, taa ya redio ikafifia na pampu ikapiga kelele ya chini, ikanyamaza. Alibonyeza tena. Hakukuwa na kitu. Haikujulikana kama tarakimu za mwisho zilifika.

Sasa kulikuwa na injini inayozunguka na maji yanayopanda. Fundi alifungua sakafu, akampa Domo ndoo. Domo akaanza kuteka na kumwaga bila neno, na kwa mtu yule kimya hicho kilitisha kuliko maji.

"Nikizima hapa," Nahodha alisema, "huenda isiwake."

"Huenda," mumewe alisema.

"Nisipozima, tunarudi na mafuta yapo, na hai wote watatu."

"Ndiyo."

"Niambie nifanye nini."

Fundi alimtazama. Katika miaka yote ya ndoa Nahodha hakuwahi kumwuliza swali hilo ndani ya boti, na yeye hakuwahi kulingojea.

"Mimi najua waya," Fundi alisema. "Nimeshakwambia yote ninayoyajua. Aliyeko kule ni baba yako, na kiti hicho ni chako. Ukizima, nipo. Ukirudi, nipo."

Domo alikuwa ameacha kuteka. Ndoo ilikuwa hewani, inadondosha matone.

Nahodha aliendesha mbele kidogo zaidi, polepole kabisa, mpaka alipoona mstari wa takataka juu ya maji, majani na povu na punje za chakula cha samaki zilizovimba, mahali ambapo mikondo miwili hukutana na kila kinachoelea husimama. Alizitazama punje zile. Zilikuwa za gunia lao, za rangi ile ile ya kahawia. Akavuta kebo ya kuzima injini.

Kimya.

Maji yalilamba ubavu. Ndoo ya Domo ilitua sakafuni, taratibu.

Ko.

Domo aliinua kidole.

Ko, ko. Kisha pengo refu. Ko. Si mnyororo. Mnyororo hauchoki, na huyu alikuwa amechoka.

"Mbele," Domo alinong'ona. "Mbele kushoto. Dada, ni yeye."

Nahodha alimtazama Fundi, Fundi akaitikia kwa kichwa, naye akageuza swichi hadi zote, kilichobaki katika moja na makombo ya mbili vifanye kazi pamoja. Akazungusha ufunguo. Stata ilisogea nusu mzunguko, ikalia tiki. Alizungusha tena. Tiki. Hakujaribu mara ya tatu.

Kulikuwa na sepeto mbili za kupakulia chakula, zimefungwa ubavuni. Nahodha alichukua moja, Domo nyingine, wakapiga magoti mbele ya boti, huku na huku, wakaanza kupiga makasia kwa sepeto. Fundi aliteka maji peke yake. Boti ilikuwa nzito na mkaidi. Ilisogea, ikapinda, ikasogea. Nyundo iligonga mara moja ikiwa karibu zaidi, kisha haikugonga tena.

"Anapumzika," Domo alisema, akihema. "Anapumzika tu, si unamjua. Lazima apumzike. Mvivu yule."

"Piga," Nahodha alisema.

Walipiga. Mikono yao ilianza kuchubuka kwenye mipini. Pipa la bluu lilikuja kutoka kwenye ukungu, limelala, likapita kando ya boti peke yake. Halikuwa na kamba. Nyuma yake likaja jingine. Nahodha aliyaona yote mawili, akaendelea kupiga. Kisha kukawa na weusi mbele, wa chini, wa mlalo, usio na umbo, kwa umbali ambao hakuweza kuukadiria, na sepeto hazikuwa zinaukaribia. Mkondo wa pili ulikuwa umeanza kuivuta boti pembeni.

Nahodha aliweka sepeto chini. Alichukua kamba ya kufungia boti, akafunga mwisho mmoja kwenye kigingi cha mbele, akaikunja mkononi, akasimama, na kuirusha kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye weusi ule. Kamba ilijikunjua hewani, ikaingia ukunguni. Hawakusikia ikianguka majini.

Walisubiri. Kamba ilikuwa imelegea mikononi mwake, inashuka kidogo kidogo.

"Baba," alisema, si kwa sauti ya kuita.

Kamba ikavutwa. Ikalegea. Ikavutwa tena, mara mbili za haraka, kama anayezungusha fundo, kisha ikakaza, na mbele ya boti ikageuka kuifuata.